SOMO LA AFYA: ALEJI INAPOFIKA MOYONI



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya vyoo, maji safi, malaria na lishe ya watoto. Mara hii tunaleta jambo ambalo wengi wenu hamjalisikia, na hata sisi tulikuwa hatulijui vizuri mpaka kikundi kimoja cha wafugaji nyuki kilipotuandikia barua. Barua ilikuwa ya kurasa mbili, lakini swali lake lilikuwa moja tu, pale mwisho: je, tuuze mizinga yetu?

Hebu tuwaeleze kwanza kisa chenyewe.

Wanachama wanne walikwenda jioni kurina asali. Mmoja wao, mzee wa miaka 50 na kitu, wavu wa kofia yake ulikuwa umetoboka. Nyuki wakaingia, wakamuuma kama mara sita hivi usoni na shingoni. Sasa, nyuki sita si kitu kwa mtu aliyezoea kazi hii. Lakini dakika chache baadaye mzee akaanza kujikuna mwili mzima. Ngozi ikatoa mabaka, midomo ikavimba, akatapika. Kisha akashika kifua, akasema anahisi kama ametwikwa gunia la mahindi hapo. Jasho la baridi likamtoka.

Wenzake walifanya vile ambavyo wengi wetu tungefanya. Walimpa maziwa. Walimpa tembe ya Piriton. Wakamkalisha chini ya mti wakingoja sumu itulie. Baada ya nusu saa wakaona mambo yanazidi, wakaita bodaboda. Wakamketisha katikati, dereva mbele na kijana mmoja nyuma akimshikilia. Hata kilomita mbili hazikuisha, mzee akalegea kama kitambaa kilicholowa. Dereva akasimama kwa hofu, wakamlaza kando ya barabara wakidhani ameshakufa.

Kumbe kule kumlaza ndiko kulikomsaidia. Baada ya muda akafungua macho. Pickup ya kubeba maembe ikapita, wakamlaza nyuma juu ya magunia, na hivyo ndivyo alivyofika hospitali akiwa hai. Huko alidungwa sindano ya adrenalini pajani, akawekewa maji ya mshipa, kisha akapimwa moyo kwa mashine. Daktari akaiambia familia kwamba aleji ile ilikuwa imeugusa moyo.

Hapo ndipo maneno yalipoanza kijijini. Mzee hajawahi kuugua moyo hata siku moja, nyuki wanahusikaje na moyo? Wengine walisema alikuwa akificha ugonjwa wake. Wengine walikilaumu kikundi kwamba kilimchelewesha. Na wengine, hamkosi kuwajua, wakaanza kutafuta ni nani aliyemroga.

Daktari alikuwa amesema kweli. Wacha tueleze.

Aleji ni nini hasa?

Aleji, ambayo vitabuni huitwa mzio, ni mwili kukosea adui. Miili yetu ina walinzi wake, kama vile soko lina mlinzi wa usiku. Kazi yao ni kutambua wadudu wa magonjwa na kupigana nao. Lakini kwa watu wengine mlinzi huyu anaona paka akipita, naye anapiga kamsa kana kwamba wezi kumi wameingia. Kijiji kizima kinatoka na mapanga, na katika giza lile watu wanaumizana wenyewe kwa wenyewe. Paka hakuwa na shida yoyote. Kelele ndiyo iliyoleta hasara.

Kwa kawaida mara ya kwanza mwili hauonyeshi kitu. Unaumwa na nyuki leo, panavimba kidogo, yanaisha. Lakini ndani mlinzi ameandika jina la huyo nyuki katika kitabu chake. Siku nyingine ukiumwa tena ndipo kamsa inapopigwa. Kwa hiyo mtu akisema "mimi nimeumwa na nyuki tangu utotoni na sijadhurika", hilo si hakikisho la kesho. Ni kweli kwamba wafugaji wanaoumwa mara nyingi sana kwa mwaka huwa wamezoea kuliko wale wanaoumwa mara chache. Hata hivyo mwili hubadilika.

Jambo hili liligunduliwa kwa njia ya ajabu. Mwaka wa 1901 wataalamu wawili Wafaransa, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri katika meli ya mtawala wa Monaco wakichunguza sumu ya viumbe vya baharini. Waliporudi nyumbani waliwapa mbwa sumu hiyo kidogo kidogo, wakitumaini kwamba mbwa watazoea na kupata kinga. Mbwa mmoja alivumilia dozi ya kwanza. Wiki tatu hivi baadaye wakampa nyingine, ndogo tu, naye akafa ndani ya nusu saa. Walikuwa wakitafuta kinga wakapata kinyume chake, na hali hiyo wakaiita anafilaksia. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1913 kwa kazi hiyo.

Anafilaksia, basi, ni aleji kali inayoshika mwili mzima kwa haraka, si ngozi peke yake.

Moyo unaingiaje hapa?

Wale wenye kamsa ni seli fulani zilizo kama magunia madogo yaliyojaa kemikali. Kemikali moja inaitwa histamini, lakini ziko nyingine nyingi. Magunia haya yako kwenye ngozi, na ndiyo maana mtu hujikuna. Yako kwenye mapafu, na ndiyo maana kifua hubana na kutoa mlio. Yako tumboni, na ndiyo maana mtu hutapika na kuhara. Na hili ndilo wengi hawalijui: yako pia ndani ya moyo wenyewe, kando kando ya mishipa yake ya damu. Kamsa ikipigwa, magunia ya moyoni nayo hupasuka.

Vikundi vyenye mradi wa maji vitaelewa upesi. Mna pampu, mna tangi, mna mabomba. Pampu ni moyo. Sasa fikirieni mambo matatu yakitokea katika mradi wenu kwa siku moja.

La kwanza, mabomba yote ya kijiji yanapanuka na kuanza kuvuja. Nguvu ya maji inashuka, na wa juu mlimani hapati kitu. Ndivyo presha inavyoshuka katika anafilaksia: mishipa inalegea, maji ya damu yanavuja kuingia kwenye nyama (ndiyo ule uvimbe mnaouona), na damu inayorudi moyoni inakuwa kidogo. Pampu inazunguka mbio lakini haina cha kusukuma.

La pili, ile bomba nyembamba inayoilisha pampu yenyewe inabanwa kana kwamba mtu ameikanyaga. Moyo nao una mishipa yake midogo inayouletea damu. Histamini na wenzake wanaweza kuibana mishipa hiyo hata kwa mtu ambaye mishipa yake ni mizima kabisa. Nyama ya moyo inakosa hewa, na inapokosa hewa inauma. Lile gunia la mahindi alilolisema mzee ndilo hilo.

La tatu, kuna mabomba yaliyoshika kutu na chumvi kwa miaka mingi bila mtu kujua. Msukosuko ukija, kipande cha kutu kinang'oka na kuziba njia. Katika mwili ni mafuta yaliyoganda ndani ya mshipa. Yakipasuka damu inaganda hapo, na mtu anapata shambulio la moyo lenyewe. Mvutaji sigara, mwenye kisukari, mwenye presha ya kupanda, hawa wana kutu hiyo zaidi kuliko wengine. Hata wale waliowekewa kichuma cha kupanua mshipa hospitalini wanaweza kuzibwa hapo hapo penye kichuma.

Madaktari walianza kuliona jambo hili zamani. Mwaka wa 1950 waliandika juu ya mgonjwa aliyepata shambulio la moyo akiwa katika aleji ya penisilini. Lakini ni daktari Mgiriki aitwaye Nicholas Kounis, pamoja na mwenzake, walioeleza mwaka wa 1991 jinsi histamini inavyoweza kuubana mshipa wa moyo. Ndiyo maana leo madaktari wanauita ugonjwa wa Kounis. Si jambo la kila siku. Wengi wanaopata aleji hawafiki huko. Lakini pia mara nyingine haligunduliwi, kwa sababu anayetibu ngozi haulizi habari ya kifua, na anayetibu kifua haulizi habari ya nyuki.

Si nyuki peke yao

Kikundi chenu kikiwa hakina mizinga msifunge ukurasa. Nyigu ni wale wale. Chakula nacho kinaweza: samaki, mayai, njugu karanga, maziwa. Na dawa, ambazo kwa maoni yetu ndizo zinazohitaji macho zaidi katika vijiji vyetu, kwa sababu watu hawaziogopi. Penisilini na jamii yake ziko mbele. Pia dawa za maumivu, kama aspirini na diklofenaki. Mtu amelima siku tatu, mgongo unamuuma, anaingia dukani anaomba "sindano ya mgongo". Anadungwa, analipa, anapanda baiskeli kwenda zake bila mtu kumuuliza kama dawa hiyo imewahi kumletea shida. Sisi tunasema hivi: sindano idungwe mahali penye mtu aliyesomea na penye dawa ya kukabili aleji, na ukishadungwa kaa hapo nusu saa kabla ya kuondoka. Ukionekana mwoga, sawa, onekana.

Mtu asichukue neno hili akaenda kukataza watoto chanjo. Anafilaksia baada ya chanjo ni nadra mno, kiasi cha mtu mmoja hivi katika dozi milioni moja, na kliniki za chanjo huwaweka watu wangoje kwa sababu hiyo hiyo.

Mnaweza kuuliza, haraka hii ni ya nini? Mtafiti wa Uingereza aitwaye Pumphrey alichunguza watu waliokufa kwa anafilaksia, akachapisha matokeo mwaka wa 2000. Aliangalia muda tangu kilichowadhuru kuingia mwilini mpaka pumzi au moyo kusimama. Kwa waliopewa dawa hospitalini, muda wa katikati ulikuwa dakika 5. Kwa walioumwa na wadudu dakika 15. Kwa waliokula chakula dakika 30. Sasa rudini kwa mzee wetu na ile nusu saa ya chini ya mti.

Simameni hapa kidogo. Katibu asome maswali haya, na kila mmoja aseme, hata akina mama walioketi nyuma:

Ni nani kati yetu amewahi kuvimba au kubanwa na pumzi baada ya chakula, dawa au mdudu? Alitumia nini?
Kutoka hapa tulipo, ni dakika ngapi mpaka zahanati iliyo na mtu usiku?
Kuna gari gani la karibu ambalo mtu anaweza kulazwa ndani yake? Simu ya mwenyewe tunayo?

La kufanya likitokea

Likiwa ni la nyuki, ondokeni kwanza pale penye nyuki. Mwiba wa nyuki unaachia harufu kama ya ndizi mbivu, na hiyo inawaita wenzake. Aliye juu ya mti ateremshwe mara moja akiwa bado ana nguvu, maana mrina asali anayezimia juu ya tawi ana matatizo mawili. Kisha toeni miiba. Zamani tulifundishwa kuikwangua kwa kisu na kutoifinya kabisa. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba kinachojali ni upesi. Toa kwa kucha, kwa kadi, kwa lolote, maana sumu nyingi huingia katika sekunde chache za kwanza.

Halafu mlaze. Hili tunalirudia kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Mlaze chali, miguu iinuliwe juu ya gunia au kiti. Damu ni kidogo, irudi moyoni. Usimsimamishe, usimtembeze "apate hewa", na usimkalishe kwenye bodaboda. Wako watu waliokufa ghafla walipoinuliwa tu. Akiwa anatapika au hajitambui lakini anapumua, mgeuze alale ubavu. Mama mjamzito alale ubavu wa kushoto. Ni yule tu ambaye pumzi imembana sana na hawezi kulala ndiye aachwe aketi, na miguu yake inyooshwe mbele, hata hapo bila kusimama.

Msimpe maziwa, chai wala soda. Akizimia vitamwingia mapafuni. Piriton itapunguza kujikuna, lakini haiinui presha wala haifungui koo. Ubaya wake ni kwamba inawapa watu matumaini ya kungoja. Aspirini ambayo wengine wamesikia inasaidia moyo, msimpe mtu mwenye aleji kwa mawazo yenu wenyewe, kwa kuwa aspirini yenyewe ni mojawapo ya zinazoleta aleji. Hilo ni la daktari kuamua.

Dawa yenyewe ni adrenalini. Inakaza mishipa iliyolegea, inafungua njia za pumzi, na inatuliza yale magunia yasiendelee kupasuka. Hudungwa kwenye nyama ya paja, upande wa nje. Mtu mzima hupewa nusu miligramu, watoto hupimiwa kwa uzito. Chupa yake ni ndogo, ya mililita moja, na haihitaji friji, ila isikae kwenye joto kali na mwanga. Hatuwaambii mkanunue mdungane. Mpango wenu ni kumfikisha mgonjwa kwa mwenye kujua. Lakini mnayo haki ya kwenda zahanati yenu leo, kabla ya shida, mkamwuliza mhudumu kwa heshima: daktari, adrenalini ipo? Haijapitwa na tarehe? Anayeweza kuidunga yuko hata Jumapili?

Hapa kuna ugumu ambao tusiufiche. Adrenalini huusukuma moyo kwa nguvu. Moyo uliobanwa tayari unaweza kuumia kwa kusukumwa hivyo, na kwa sababu hiyo daktari anapoona kwamba aleji imefika moyoni hupima mambo kwa uangalifu. Lakini katika anafilaksia kuchelewesha adrenalini ndiko kunakoua zaidi, kwa hiyo bado ndiyo dawa ya kwanza. Kazi yenu si kubishana na mhudumu. Kazi yenu ni kumpa habari kamili. Mwambieni ameumwa na nini, mara ngapi, saa ngapi. Mwambieni kama alilalamika kifua, mkono wa kushoto au taya. Mwambieni dawa anazomeza kila siku, na pakiti zake mzibebe. Dawa nyingine za presha, kama propranololi na atenololi, huzuia adrenalini isifanye kazi vizuri, na daktari akijua atatafuta njia nyingine. (Mwenye kumeza dawa hizo asiache kwa sababu ya somo hili! Presha isiyotibiwa inaua wengi kuliko nyuki.)

Akiacha kupumua na hajibu, msukumeni kifua katikati, kwa nguvu, kishuke sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana bila kuacha. Mwalikeni mhudumu wa afya wa kijiji awafundishe kwa vitendo, maana karatasi haitoshi.

Na hata akipona haraka asirudi nyumbani siku ile ile bila ruhusa. Aleji inaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila kuumwa tena. Aliyepata maumivu ya kifua apimwe moyo kwa mashine, na damu ipimwe pia. Asikubali kuambiwa ni wasiwasi tu kabla hajapimwa.

Tulivyojibu barua

Tulikiandikia kikundi kwamba wasiuze mizinga. Asali yao imelipa karo ya watoto, na nyuki hao hao ndio wanaozalisha maembe ya jirani. Ila tuliwaomba wakae na familia ya mzee na kumaliza lawama, kwa kuwa hakuna aliyemchelewesha kwa ubaya. Hawakujua, na hakuna mtu aliyewahi kuwafundisha.

Mwezi uliopita walituandikia tena. Mwekahazina sasa anatenga nauli ya gari katika mfuko wa dharura, na pesa hiyo haikopeshwi. Siku ya kurina asali mwenye pickup ya maembe anaarifiwa mapema. Wameshona machela kwa magunia mawili na fito, wakafanya mazoezi ya kubebana huku watoto wa shule wakiwacheka. Yule kijana aliyekaa nyuma ya pikipiki siku ile ndiye anayewafundisha wengine kulaza mgonjwa.

Mzee mwenyewe daktari amemkataza kabisa kukaribia mzinga. Hakufurahi. Kwa wiki kadhaa hakuhudhuria mikutano, akisema mrina asali asiyepanda mti ni sawa na mchungaji wa mbuzi asiye na mbuzi. Sasa amepewa mizani na daftari. Anakaa mbali, kwenye duka la kikundi, anapima asali na kuandika kilo, na wanasema tangu ashike daftari hakuna ndoo iliyopotea. Wavu wa kofia yake umeshonwa, na anayeuvaa ni mtoto wa ndugu yake.